Zulia la Kobe

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili nimelianza kwa amri ya binti yangu. Amechoka na simu zangu. Jana peke yake nilimpigia mara tisa. Akasema mama, wasiwasi ukikupanda, uandike, usinipigie. Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne. Akasema wasiwasi hauulizi cheti. Haya. Naandika.

Binti yangu ni mjamzito, anatazamiwa kujifungua tarehe 20. Mtoto wangu wa pekee, mimba yake ya kwanza, mjukuu wangu wa kwanza! Nimemwahidi tangu mwezi wa tatu kwamba siku hiyo mkono atakaoushika ni wangu. Anakaa mbali, na nyumba yao ina chumba kimoja tu cha wageni. Leo nimepiga simu (moja, kabla ya kununua daftari) kumuuliza kama chumba changu kimeshapigwa deki. Akaniuliza habari za kuku. Mzazi haambiwi, anahisi. Akasema mama, usikasirike, mama mkwe ameshafika.

Ameshafika! Wiki mbili na nusu kabla ya siku! Nilikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kilikuwepo, nusu.

Huyo mama yake mkwe wangu namwita Bi Mpangilio. Moyoni tu, mdomoni ni dada. Ni mwanamke ambaye hata vijiko vyake vimelala ubavu mmoja. Binti anasema amekuja na ratiba ya kulala ya mtoto, imeandikwa kwa rula. Ya mtoto ambaye hata hatujui ana pua gani!

Nitalala wapi mimi? Mzee wangu akasema, kwa utani, kwenye Kobe.

Kobe ni gari letu la zamani, lile lenye kitanda na meza ya kukunja na jiko dogo la gesi ndani yake. Tulimwita Kobe kwa sababu anabeba nyumba mgongoni, na kwa sababu ya mwendo wake. Binti alipokuwa mdogo tulizunguka naye kila likizo. Sasa amekaa uani, kuku wanataga chini yake.

Utani wa mzee nimeuokota. Nikapiga simu ya mwisho kabisa. Binti akafikiri, akasema sakafu ya Kobe ni bati tupu na plastiki iliyochanika, ina vumbi, ina baridi. Lakini ikitengenezwa, mama, utaegesha uani kwetu hata miezi miwili, na mchana nitakuletea mtoto umlaze huko nami nipumzike. Nyuma yake nikasikia sauti ikisema kichanga halazwi ndani ya gari kama gunia.

Nikakata simu kwa heshima.

Nimeapa. Kobe atavaa zulia, na fundi ni mimi. Mzee kasema jirani yetu, Fundi Makochi, angelimaliza kwa siku moja. Nimekataa. Miaka thelathini nashona nguo za watu. Sakafu ni nini? Ni gauni lililolala chali.

Jumanne, 4 Juni

Mshtuko!

Asubuhi nilianza kubandua plastiki ya zamani. Ikang'oka pande pande kama ngozi ya kidonda. Karibu na mlango nikavuta kwa nguvu, na chini yake hakukuwa na sakafu. Kulikuwa na tundu. Ndani ya tundu kulikuwa na jicho. Linanitazama.

Nilipiga yowe mpaka mzee akatoka bafuni na sabuni kichwani. Ilikuwa kuku. Jike la rangi ya majivu, amelala juu ya mayai yake, mara dari lake limefunguka na mimi nachungulia. Nafikiri yeye alishtuka zaidi. Hajataga tena.

Miaka yote hii nimelala juu ya kutu na Mungu! Tulisafiri na mtoto mdogo juu ya tundu! Nilikaa ngazini dakika kumi nikishukuru kwa ajali ambazo hazikutokea.

Halafu chini ya benchi la kitanda, kule mwisho, vidole vyangu vikagusa kitu. Kiatu. Kiatu chekundu cha kushoto, chenye kifungo cha ua. Cha binti alipokuwa na miaka sita! Nilimgombeza juu ya kiatu hicho safari nzima. Nilimwambia hajali vitu, hathamini jasho la wazazi. Alilia akasema, mama, nilikivua humu humu ndani. Nikamwambia asiniongopee.

Alisema kweli. Miaka ishirini na mbili kiatu kimekaa pale pale alipokivua.

Nimekifuta vumbi, nimekitia kwenye kikapu cha nyuzi. Nitampa mwenyewe mkononi, tena nitamwomba radhi. Ndiyo sababu nyingine ya kufika.

Mzee kaziba tundu kwa bati na misumari, kapaka rangi ya kuzuia kutu. Kisha akanionyesha kifuniko nyuma ya kiti cha dereva, cha mraba, ukubwa wa sinia. Akasema betri ya Kobe iko chini ya hapa, Mama, usije ukakifunika. Akasema mara mbili.

Nimesikia. Mimi si kiziwi.

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi Bi Mpangilio kanitumia picha kwenye simu. Busati la mtoto alilonunua, laini, rangi ya maziwa. Chini kaandika: Tuko tayari huku, usijichoshe dada.

Usijichoshe! Nilisoma neno hilo mpaka chai ikapoa.

Nikaenda kwa muuza mazulia. Kijana mstaarabu. Akaniuliza ni la chumba gani. Nikasema la gari. Akanitolea zulia jembamba, la kijivu, linalokunjika kama shuka. Akasema kwenye gari, mama, chukua hili, linakubali kona, linapanda juu ya vile vibyongo vya magurudumu vinavyovimba sakafuni, na mlango haugombani nalo. Maneno mazuri. Lakini nyuma yake, ukutani, niliona jingine. Nene! Mkono ukizama haurudi mara moja. Na rangi ya maziwa kuliko ya yule mama. Ya maziwa yenyewe.

Akasema hilo ni la sebuleni, mama, halitakusikiliza.

Nikamwambia mimi nimelea, nitalisikilizisha.

Tatizo lilikuwa mzee. Nilimwahidi nitachukua jembamba, la rangi inayoficha uchafu. Basi nikalifunga ndani ya shuka, nikarudi nalo kwenye mkokoteni, nikamwambia ni kitambaa cha mteja. Akanisaidia kuliingiza. Akahema, akakaa, akauliza ni kitambaa cha nguo gani kizito hivi. Nikasema cha bibi harusi. Akauliza bibi harusi ana ukubwa gani. Nikasema ukubwa wa kutosha.

Mzee wangu ni mtu mwema. Alisema Mungu awajalie.

Alhamisi, 6 Juni

Siwezi kuandika vizuri, kalamu inaniuma kiganjani.

Kazi nilianza sawasawa. Niliunganisha magazeti, nikayatandaza sakafuni mwa Kobe, nikakata kufuata kila kona. Huku ngazi ya mlango, huku kabati, vibyongo vya magurudumu, na mraba wa kifuniko cha betri (nilikumbuka!). Karatasi ya kipimo ikakaa kama imezaliwa pale. Nikajipongeza kwa sauti.

Nikaipeleka uani. Sisi washonaji chaki tunaipiga mgongoni mwa kitambaa ili isionekane kwa nje. Nikalilaza zulia kifudifudi, nikaweka karatasi juu yake, nikachora, nikakata kwa mkasi wangu wa suti. Nimekata tangu saa mbili mpaka saa sita. Kiganja kimetoka malengelenge mawili.

Nikalibeba, nikaingia nalo, nikaligeuza uso juu.

Jamani.

Ngazi ya mlango iko kwenye kabati. Kabati liko mlangoni. Mraba wa betri uko nyuma ya kiti cha abiria. Kila kitu kimehama ng'ambo! Nikatoka nikaingia tena, labda nimeingia gari la watu. Nikalizungusha. Likakosea kwa upande mwingine. Nikakaa juu yake, mdomo wazi, nikitafuta nani wa kulaumiwa, na ndani ya gari nilikuwa peke yangu.

Sasa naelewa. Gauni halilalamiki, kulia kwake na kushoto kwake ni mapacha. Miaka thelathini nimekata mapacha. Kobe si pacha.

Fundi Makochi alikuwa anatazama juu ya uzio. Huyo ni mtu wa sentensi moja kwa siku, anaitunza kama dawa. Akakohoa. Akasema shemeji, ukichora mgongoni, karatasi nayo unaigeuza. Akaondoka.

Angekohoa saa mbili asubuhi angepungukiwa na nini?

Sikulia. Nililia kidogo. Kisha nikachukua shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa nailoni, nikaanza kuziba. Vipande vilivyobaki nikavipachika kila palipokatwa bure, na palipotakiwa kukatwa nikakata upya, nikipima na mlango na kabati na vibyongo. Kushona najua. Hilo hata Bi Mpangilio hawezi kuninyang'anya. Hadi jua linaanza kushuka, tundu hata moja halikubaki. Ukilitazama huoni mshono, hata ukivaa miwani.

Nimefurahi kidogo. Mikono imevimba.

Ijumaa, 7 Juni

Mzee kagundua zulia. Kaniuliza bibi harusi yuko wapi. Nikasema kavunja uchumba. Akatikisa kichwa, akasema usinipeleke huko ndani, Mama, viatu vyangu vina matope. Nikamwambia kweli kabisa, usiingie kabisa. Nikabandika karatasi mlangoni: VUA VIATU. Akasema basi atatazama kwa dirisha.

Leo ilikuwa gundi. Makopo mawili. Maandishi yake ni madogo kuliko mchanga. Niliyasoma robo. Nikapiga magoti mlangoni nikaanza kupaka kwa brashi, taratibu, nikisogea kuelekea ndani. Napaka, nasogea. Napaka, nasogea. Harufu inapanda kichwani, naimba. Nikafika kwenye benchi la kitanda, mwisho wa gari, nikainua uso kupumzika.

Mlango ulikuwa kule. Mimi nilikuwa huku. Katikati yetu, gundi tupu, inang'aa.

Mtu mzima! Mtu aliyepiga deki nyumba yake miaka yote, kila asubuhi, kinyumenyume mpaka mlangoni!

Nikamwita mzee. Alikuwa amekwenda kunyoa. Nikajaribu hatua moja, kandambili ikabaki. Nyingine nayo ikabaki. Nikarudi juu ya benchi peku. Limebaki dirisha la nyuma. Nikatanguliza kichwa. Kichwa kikapita, mabega yakapita kwa kubembeleza, kisha nikafika mahali penye ubishi. Gauni nalo likawa limegusa gundi ubavuni, likanata kwenye fremu. Nikakaa hivyo, nusu nje nusu ndani, kama mtu anayezaliwa.

Na nani akaingia uani? Wateja wangu wawili, mama na dada yake, wamekuja kupima sare. Walisimama. Hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Wakauliza, kwa adabu, kama waje siku nyingine. Nikasema hapana, karibuni, futi iko mezani.

Fundi Makochi ndiye aliyenivuta. Gauni lilichanika upande mmoja wote. Akanifunika kwa turubai lake la kazini, akatoa sentensi yake ya leo. Shemeji, gundi isubiri mpaka isishike kidole, ndipo ulaze zulia.

Mungu ambariki. Ikasubiri. Wakati nilipojihifadhi na kuvaa, gundi ilikuwa tayari. Nikang'oa kandambili, nyayo zikabaki. Nikalikunjua zulia kutoka ndani kuja mlangoni, namna ya deki, nikilikandamiza kwa chupa iliyojaa maji.

Limeshika! Limekaa! Nimelala juu yake kifudifudi nikalibusu. Lina ladha ya gundi.

Jumamosi, 8 Juni

Mlango haufungi. Unasukumwa, unafika kwenye zulia, unakataa. Yule kijana muuza mazulia alilijua hili, na uso wake mpole. Nimepunguza manyoya kwa mkasi pale ukingoni, kama mtu anayenyolewa, hata ukafunga.

Nimepiga picha. Nimemtumia binti. Akapiga simu yeye mwenyewe! Akasema mama, ni wewe uliyefanya? Peke yako? Akasema ni zuri kuliko sakafu yetu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, amechoka. Akasema njoo mapema, mama, usingoje tarehe. Nikasema Jumatano tunaondoka. Nyuma, sauti ile ikasema rangi ya maziwa inaonyesha kila kitu.

Wivu una masikio marefu.

Mzee alichungulia kwa dirisha. Akasifu. Kisha akauliza kifuniko cha betri nimekiachaje.

Kile kimraba! Kile kilichoangukia nyuma ya kiti cha abiria, nikakiziba siku ya Alhamisi pamoja na matundu mengine, na kipya sikukata!

Nikamjibu kipo.

Na kweli kipo. Kipo chini.

Sikusema uongo. Nitakata baadaye, nikishapata moyo. Nani anakata keki kabla wageni hawajaiona? Betri ni mpya, ya mwaka huu, haina ugonjwa. Ikiugua, itaugua tukirudi.

Harufu ya gundi bado kali. Kichanga na harufu hii, hapana. Nimefungua mlango wa Kobe wazi kabisa upate kupita upepo, na utabaki wazi mpaka Jumatatu.

Jumapili, 9 Juni

Siku njema. Sijashtuka hata mara moja, jambo lenyewe linanitisha.

Mchana nilikaa ndani ya Kobe peku, na kile kiatu chekundu mapajani. Mlango ukiwa wazi, kuna kitaa kidogo darini kinawaka chenyewe. Sikukikumbuka. Kinapendeza. Mwanga wake juu ya zulia la maziwa ni kama siagi. Nikamwona mjukuu amelala pale katikati, mikono juu, na mimi namshonea kofia.

Nikafanya mazoezi ya kuomba radhi. Nikasema, mwanangu, kile kiatu. Nikaishia hapo mara nne.

Mzee alipita, akasimama, akaanza kusema jambo juu ya kile kitaa. Nikamwambia chai iko tayari. Akaenda.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika ndani ya Kobe, tuko njiani, maandishi yanaruka. Niandike nini? Nianzie wapi?

Saa moja asubuhi, mkwe wangu kapiga simu. Uchungu umeanza. Siku kumi kabla! Akasema wako hospitali, Bi Mpangilio yupo naye, na binti anauliza mama yangu yuko wapi, anauliza kila dakika. Nikasikia binti akiita, mama. Hakuwa anamwita mwingine.

Sijui nilivaaje. Ninaona sasa soksi moja ni ya mzee. Tukapakia nguo, nepi, kikapu, kiatu. Mzee akapanda, akazungusha ufunguo.

Tk.

Akazungusha tena.

Wala hiyo tk.

Mzee akageuka polepole, akatazama kitaa darini. Kilikuwa kimekufa. Akaniuliza mlango ulikuwa wazi tangu lini. Nikasema tangu Jumamosi, kwa ajili ya upepo. Akafumba macho. Akasema kitaa kimenyonya betri yote, lakini si kitu, tutaunganisha waya na gari la Fundi Makochi, dakika kumi, fungua kifuniko.

Nikaanza kupanga nepi.

Akasema fungua, Mama.

Nikasema, mume wangu, kifuniko kipo.

Akasema ndiyo, kiko wapi.

Nimeolewa miaka thelathini na moja. Sijawahi kumwona mzee akishuka garini polepole vile. Akazunguka Kobe mzima, akarudi, akauliza kwa sauti ya chini kama yupo mgonjwa: umekishonea?

Fundi Makochi akaja na kisu na waya. Tulikuwa watatu kwa magoti, tunapapasa zulia kama watu waliodondosha pete. Nene mno! Halisemi chochote! Fundi akagonga kwa vifundo, akisikiliza, kama anabisha hodi. Mzee akasema ni nyuma ya kiti chake. Mimi nikasema ngojeni, mimi ndiye niliyeshona, najua mshono wangu, na tundu la betri nililiziba kwa mkono wangu. Nikaupata ule mshono. Nilijisifu usionekane, vidole vyangu viliuona. Nikachukua mkasi wa suti. Nikasema nikate mwenyewe, asilikate mwingine.

Nikakata. Nikabandua mraba, gundi ikilia krrr.

Chini yake bati. Bati zima, laini, lisilo na kifuniko wala betri. Tulikuwa nyuma ya kiti cha abiria.

Ng'ambo! Tundu lile lile la ng'ambo! Nilisahau kwamba lenyewe ndilo kosa!

Fundi Makochi akatazama chini. Leo alitumia sentensi mbili, najua ilimgharimu. Shemeji, karatasi unaigeuza. Shemeji, nipe mkasi.

Sikumpa. Nilivuka upande wa pili nikakata tundu la pili bila kuangalia, machozi yananikata mimi. Kifuniko kikaonekana. Wakaunganisha waya. Kobe akakohoa, akatetemeka, akawaka. Ilikuwa saa nne kasorobo.

Kwa magari ya watu ni mwendo wa saa tano. Kobe anahitaji saba. Hatuzimi hata tukisimama kujisaidia, mzee anaogopa asiwake tena. Ananiendesha bila kusema neno la lawama, na afadhali angesema.

Shika, mwanangu. Shika. Naja.

Jumanne, 11 Juni

Nilichelewa.

Tulifika saa kumi na moja. Nilikimbia ngazi zote na kikapu kichwani, nesi ananifuata akiuliza mimi ni nani. Mtoto alikuwa amezaliwa dakika arobaini kabla. Msichana. Mzima, mwekundu, anakasirika.

Dakika arobaini! Nimekaa juu yake usiku kucha na asubuhi hii bado nimekaa juu yake.

Nje ya mlango wa wodi alikuwa amekaa mwanamke, nywele zimesimama, vifungo vya blauzi vimepishana, kiatu kimoja amekivua. Nilimpita. Kisha nikarudi nyuma. Bi Mpangilio! Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za kucha, nyekundu, nne nne. Hakunipangia neno. Alisema dada, alikuwa anakuita wewe, nikamwambia nishike mimi kwanza mpaka mama yako afike, naye akanishika kwelikweli.

Neno asante lilinitoka kwa shida, kama mfupa. Lakini lilitoka. Nikaushika ule mkono wake. Alisema maisha yake yote hajawahi kuogopa vile, na ratiba kaipoteza.

Binti alinitazama kutoka kitandani. Akasema mama, nilikusubiri. Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba, yote ikaruka. Nikatoa kiatu chekundu, nikakiweka juu ya shuka. Akakitazama. Akakigeuza. Akaanza kucheka, kucheka kukawa kulia, akisema nilikwambia, nilikwambia kiko ndani. Nikasema ndiyo, mwanangu, uliniambia, nami sikukusikia. Nisamehe.

Akasema mama, wewe husikii, wewe unapenda tu.

Sijui kama ni sifa. Nimeichukua kama sifa.

Jumamosi, 15 Juni

Binti na mtoto wametoka hospitali tangu juzi. Kobe ameegeshwa uani kwao, chini ya dirisha la jikoni.

Bi Mpangilio alikuja kukagua. Nilimwona anatazama matundu mawili ya zulia langu nyuma ya viti, kama macho ya bundi, nikajitayarisha kwa vita. Akaondoka. Akarudi na lile busati lake, akalitandika. Likayafunika yote mawili, bila kubaki hata kidole. Maziwa juu ya maziwa. Nikasema dada, umepima? Akasema kwa rula.

Mchana wa leo binti kamleta mtoto. Kalala pale pale katikati, mikono juu, kama nilivyomwona ile Jumapili. Kisha Bi Mpangilio akavua viatu, akasema ajinyooshe kidogo tu mgongo. Anakoroma sasa, upande mmoja, kama vijiko vyake. Mzee katazama kwa dirisha, katabasamu, keshanisamehe. Nami nimeshika adabu. Zulia nimelikoma. Yaliyonipata yamenifunza, mtu mzima haambiwi mara mbili.

Isipokuwa dari.

Nimelala chali hapa pembeni ya mjukuu nimeliona. Bati tupu! Mtoto akifumbua macho, kitu cha kwanza anachokiona duniani ni kutu! Na zulia limebaki kipande cha kutosha, nene, nimekificha chini ya benchi. Nimeshachukua magazeti ya mkwe wangu. Kuchora ni mgongoni, karatasi ninaigeuza, hilo nimelishika. Ingawa dari linatazama chini. Basi labda ninaigeuza mara mbili, inarudi ilivyokuwa. Nitaona nikishakata.

Mzee kasikia mkasi, kauliza kwa dirisha nafanya nini. Nikamwambia. Akasema pale juu kuna tundu la kutolea moshi wa gesi, Mama, usije ukaliziba. Akasema mara mbili.

Nimesikia. Mimi si kiziwi.

Mlango wa Kobe nimeuacha wazi, mtoto apate hewa. Kitaa kinawaka vizuri.